Je, Kuandaa ni Kufanya?

Wahenga walisema mwanzo wa ngoma ni lele. Msemo huo niliutumia mara nyingi sana katika maisha yangu ya ualimu, hasa asubuhi ya siku ya kwanza ya mazoezi ya kufundisha, wanachuo wakiwa wamepanga mistari mbele ya ofisi, kila mmoja na daftari lake la maandalio kwapani. Nilikuwa nikiwaambia kwamba mwalimu anayeingia darasani bila andalio la somo ni sawa na mtu anayeingia ngomani bila kujua wimbo. Hata siku moja sikujiuliza kama mimi mwenyewe nilikuwa nauelewa msemo huo. Lele ni sehemu ya ngoma, au ni kitu kinachokuja kabla ya ngoma? Na mtu akipiga lele usiku kucha, pakapambazuka, tutasema amecheza au hakucheza?

Swali hili limenijia uzeeni, na aliyeniletea ni mjukuu wangu, mwanafunzi wa chuo kikuu anayesomea mambo ya kompyuta. Alikuja kwangu Lushoto Julai 2025, wakati wa likizo na wa baridi kali. Baada ya kunisalimu akasema, "Babu, nimekuja nipate utulivu wa kujifunza lugha mpya." Nikafurahi, nikidhani ni Kifaransa, kwa maana nina kamusi nzuri ya Kifaransa ambayo haijapata mtumiaji tangu nistaafu. Kumbe lugha yenyewe ni ya kuandikia programu za kompyuta. Inaitwa Gleam.

Siku tatu alikaa barazani na kompyuta yake mpakato, amejifunika blanketi langu. Siku ya kwanza ilikwisha katika kupakua vitu kutoka kwenye intaneti, bando likaisha mara mbili. Siku ya pili mashine ilikuwa ikijenga kitu kirefu ambacho maandishi yake yalipita kwenye kioo kama mvua. Mara ikasimama ikidai kwamba kuna kitu hakipo. Akakitafuta, akaanza upya, umeme ukakatika. Siku ya tatu, karibu na magharibi, nilisikia akipiga kofi la furaha. Nikasogea kutazama. Palikuwa na mstari mmoja tu wa salamu, ambao mashine ilikuwa imeuandika. Basi.

Nikamwuliza, "Sasa kazi yenyewe utaianza lini?"

Akanitazama kwa mshangao. "Babu, si ndiyo nimekuwa nikiifanya?"

"Hapana," nikamwambia, "umekuwa ukijiandaa."

Hakunijibu, kwa heshima tu. Lakini usiku ule nilipolala, nilijiona kuwa nimesema jambo la ajabu. Mimi, niliyetumia miaka zaidi ya thelathini kuwaambia vijana kwamba andalio ndiyo kazi, nilikuwa nimemwambia mtoto kwamba andalio si kazi. Ama nilikosea zamani, ama nimekosea sasa. Msomaji wangu, hebu tulitazame jambo hili taratibu.

Yapo mawazo mawili ambayo watu huyashika, na yote mawili yana ukweli. Wazo la kwanza husema kwamba maandalizi ni kazi kamili. Mkulima anayenoa jembe analima. Fundi anayepima ubao mara tatu anaranda. Mpishi anayechambua mchele anapika. Ukiondoa maandalizi hayo, kitakachobaki ni jembe butu, mlango usiofunga na wali wenye mawe. Kwa hiyo anayedharau maandalizi anadharau kazi.

Wazo la pili husema kwamba maandalizi ni deni, nalo hulipwa kwa kazi peke yake. Mkulima akinoa jembe tangu Januari mpaka masika yakapita, jembe lake litang'aa kuliko yote kijijini na watoto wake watalala njaa. Hatutamsifu. Zaidi ya hayo, wazo hili lina onyo ambalo mimi naliogopa kwa sababu nalijua kwa ndani: maandalizi ni mahali pazuri pa kujificha. Mtu anayeogopa kazi hawezi kukaa bure, kwani watu watamwona. Lakini akijiandaa, hakuna wa kumlaumu. Nimewaona walimu waliochora ramani za rangi nne, wakabandika kadi, wakapanga vibonge vya udongo juu ya meza, na kipindi kikaisha bila mtoto hata mmoja kujifunza neno.

Yupi mkweli kati ya hawa wawili? Ili nijibu, ilinibidi kwanza nielewe mjukuu wangu alikuwa akifanya nini katika siku zile tatu. Nilimwomba anifundishe, naye alinifundisha kwa uvumilivu ambao mimi sikuwa nao nilipokuwa na umri wake.

Alinieleza kwamba Gleam ni lugha ya kifankisheni. Fankisheni sisi watu wa hisabati tunaifahamu: ni kama mashine ya kusaga, unatia namba upande huu, inatoka namba upande wa pili, na ukitia ile ile kesho utapata jibu lile lile. Mtaalamu wa Marekani, Alonzo Church, aliweka msingi wa hesabu ya namna hii katika miaka ya 1930, kabla kompyuta tunazozijua hazijakuwapo. Mwaka 1958 John McCarthy alianza kuiunda Lisp, lugha ya programu iliyochota mengi kutoka katika fikra hiyo, na tangu hapo zimezaliwa nyingine nyingi. Gleam ni miongoni mwa vitinda mimba. Mwanzilishi wake ni Louis Pilfold. Toleo la awali kabisa lilitolewa mwaka 2019, na toleo 1.0 lilitoka Machi 2024. Ndani ya lugha hii thamani ikishatengenezwa haigeuzwi. Ukitaka nyingine unatengeneza nyingine, ile ya kwanza inabaki ilivyo.

Nikamwuliza, mbona basi ilichukua siku tatu? Akasema kwamba lugha yenyewe ni nyepesi na ingechukua dakika chache. Kilichomchelewesha ni kilicho chini yake. Programu za Gleam kwa kawaida huendeshwa juu ya mtambo wa lugha nyingine, Erlang, na Erlang iliyokuwa ndani ya kompyuta yake ilikuwa ya zamani. Aliposanikisha Gleam peke yake, mashine ilimjibu kwamba kuna programu haikuonekana, ikamwuliza kama imesanikishwa. Ilibidi aijenge Erlang mpya kutoka katika maandishi yake ya asili, na kompyuta yake ni mzee kama mimi.

Erlang ilianza mwaka 1986 katika maabara ya kampuni ya simu ya Ericsson, nchini Sweden, kwa mikono ya Joe Armstrong, Robert Virding na Mike Williams. Imepewa jina linalomkumbusha mtu Agner Krarup Erlang, Mdenishi aliyezaliwa 1878 na kufariki 1929, ambaye alikokotoa hesabu za msongamano wa simu huko Copenhagen. Watu wa Ericsson walitaka mitambo ya simu isiyozimika, na wakafikia hitimisho ambalo lilinistua: kwamba haiwezekani kuandika programu kubwa isiyo na kosa hata moja. Kwa hiyo badala ya kujidanganya, waligawa kazi katika vijisehemu vingi, wakaweka wasimamizi juu yake. Kijisehemu kikipatwa na hitilafu, kinaachwa kianguke, na msimamizi anakianzisha upya bila mtambo mzima kusimama. Mwaka 1998 kampuni iliitoa Erlang kwa watu wote, na leo mtoto wa Lushoto anaijenga juu ya baraza ya babu yake bila kulipa senti.

Hapo nikaona jambo la kwanza. Zile siku tatu hazikuwa za mjukuu wangu peke yake. Alikuwa akiingia katika nyumba ambayo wengine waliijenga kwa karibu miaka 40, na alichokuwa akifanya ni kutafuta mlango. Maandalizi ya kila mtu ni hivyo. Mwalimu akiandaa somo la sehemu, yupo aliyeandaa muhtasari, yupo aliyeandika kitabu, na wapo wa kale waliokuwa wa kwanza kugawa mkate wakaona kuna jambo la kufikiri. Anayesema "nimejiandaa mwenyewe" hajahesabu vizuri.

Jambo la pili lilihusu ile salamu ya mstari mmoja. Mwanzoni niliicheka moyoni: siku tatu kwa mstari mmoja! Lakini alinieleza kwamba unapoanzisha mradi kwa amri ya gleam new, lugha inakutengenezea folda ya kazi na folda ya majaribio, na ndani ya folda ya kazi inaweka programu ndogo kuliko zote, ambayo hutoa salamu tu. Unaiendesha mara moja. Ikisema, unajua kwamba kila kilicho chini yake kiko mahali pake. Isiposema, hakuna maana ya kuandika mistari elfu. Yaani maandalizi yanahukumiwa kwa kazi, iliyo ndogo kadiri inavyowezekana, na hukumu inatolewa mapema.

Hili lilinipa sehemu ya jibu langu. Kosa la yule mkulima anayenoa jembe mpaka masika yapite ni kwamba hajaligusisha jembe na udongo. Angelima tuta moja tu la kujaribia, udongo ungemwambia kama makali yametosha. Kwa hiyo swali la kumwuliza anayejiandaa si "unajiandaa au unafanya?" Swali ni hili: "Maandalizi yako umeyaweka mahali ambapo kazi inaweza kukukosoa?" Kama ndiyo, kuandaa ni kufanya. Kama sivyo, ni kujificha.

Ningeweza kuishia hapo, na insha ingekuwa fupi na mimi ningelala vizuri. Lakini siku ya nne mjukuu wangu alinionyesha kitu kingine.

Alikuwa akiandika programu ya kutunza mahesabu ya kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, ambacho bibi yake ni mhazini. Alifika mahali pa kukokotoa faini ya mwanachama anayechelewesha rejesho, na hakujua kanuni, kwa sababu bibi yake alikuwa sokoni. Akaandika neno moja tu mahali pale: todo. Maana yake kwa Kiswahili ni "bado", au "hapa pana kazi sijaifanya". Nikamwuliza kama mashine haitakasirika. Akacheka. Akaniambia kwamba kompaila, yaani ile programu inayokagua maandishi yako kabla ya kuyageuza kuwa kitu kinachoendeshwa, ni mkaguzi mkali sana. Ukiandika neno pahali panapotakiwa namba, inakataa. Ukitaja hali mbili kati ya tatu zinazowezekana, inakataa na kukutajia ile ya tatu uliyoisahau. Lakini ukiandika todo, haikatai. Inakupa onyo: hapa kazi haijakamilika, nami nadhani kitu kinachotakiwa hapa ni cha aina fulani, tena programu ikifika hapa itaanguka. Kisha inakuacha uendelee na sehemu nyingine.

"Na ukitaka kuwapa wengine programu hii waitumie?" nikamwuliza.

"Kwenye ghala la wote ambako tunatoa vifurushi, Babu, haipokelewi ikiwa na todo ndani yake. Mpaka uijaze."

Nikamwambia nakwenda kutazama migomba. Sikwenda kutazama migomba. Nilikwenda kukaa nyuma ya nyumba, kwa sababu nilikuwa nimemkumbuka mtu.

Mwaka 1987 nilikuwa mkufunzi katika chuo kimoja cha ualimu ambacho sitakitaja. Nilitumwa kukagua mazoezi ya kufundisha katika shule za msingi. Katika shule moja nilikuta wanachuo wawili, mvulana na msichana. Nilianza na mvulana. Andalio lake lilikuwa limejaa kutoka juu mpaka chini: mada kuu, mada ndogo, lengo mahsusi, zana, utangulizi, maarifa mapya, mazoezi, hitimisho, upande wa kazi ya mwalimu umejaa, upande wa kazi ya mwanafunzi umejaa. Mwandiko mzuri. Lakini kwenye nafasi ya idadi ya wanafunzi aliandika 47, na darasani nilihesabu watoto 39. Kwenye tarehe palikuwa na alama ya kufutwa. Nilielewa mara moja kwamba andalio lile lilinakiliwa kutoka daftari la mwanachuo wa mwaka uliotangulia. Somo lilikwenda kama gari lililo kwenye reli. Alisema alichoandika, na watoto waliitikia kama alivyoandika kwamba wataitikia. Nilimpa alama ya juu. Nilijiambia kwamba fomu imekamilika, na fomu ndiyo niliyotumwa kuikagua.

Kisha nikaingia kwa msichana, darasa la tano, somo la hisabati, sehemu. Andalio lake lilikuwa safi mpaka hatua ya tatu. Hapo, upande wa kazi ya mwalimu, aliandika: "Bado. Nitajua nikishasikia majibu yao." Halafu akaendelea na hitimisho na lengo, ambavyo viliandikwa vizuri kabisa.

Alileta mua. Aliuliza ipi kubwa, nusu au theluthi. Darasa karibu lote lilisema theluthi, kwa sababu tatu ni kubwa kuliko mbili. Hilo kila mwalimu wa hisabati analitarajia. Lakini mtoto mmoja wa nyuma alisimama akasema, "Theluthi ni kubwa, Mwalimu, maana wanakula watu watatu." Darasa likacheka. Yule msichana hakucheka. Alinyamaza kidogo, akamwita mbele, akampa kisu na mua, akawaita wenzake wawili. Kwa dakika zote zilizobaki darasa lilibishana juu ya maana ya "kubwa": kubwa kwa nani, kwa anayegawa au kwa anayepewa? Walikata, wakapima, wakala. Kengele ilipolia, yule mtoto wa nyuma mwenyewe ndiye aliyesema kwamba wakiongezeka walaji kipande cha kila mmoja kinapungua. Sijaona somo bora zaidi ya lile, na nimeketi nyuma ya madarasa mengi.

Nilimfelisha. Niliandika kwamba andalio halijakamilika, hatua ya tatu haipo. Alijaribu kunieleza, nikamwambia kwamba mwalimu hakisii. Ilibidi arudie mazoezi ya kufundisha mwaka uliofuata, wenzake wakiwa wamekwisha kupangiwa vituo vya kazi.

Msomaji wangu anaweza kunitetea. Anaweza kusema: ukiruhusu nafasi tupu, kila mvivu ataacha nafasi tupu na kuiita hekima. Hoja hiyo ni nzito, na ndiyo niliyojilindia kwa miaka mingi. Lakini mkaguzi yule wa ndani ya kompyuta amenionyesha kwamba inajibika. Nafasi tupu ya mkweli ina alama tatu. Kwanza, imetajwa: aliyeiacha ameandika "bado", hajaiziba kwa maneno wala hajairuka kimyakimya. Pili, imezungushiwa mpaka: kilicho kabla yake na kilicho baada yake kimekamilika, hata mkaguzi anaweza kusema ni kitu cha namna gani kinachotakiwa pale katikati. Mvivu hawezi kufanya hivyo, kwa sababu kuzungushia mpaka usichokijua ni kazi ngumu kuliko kukijaza ovyo. Tatu, haiuzwi kwa wengine kama kitu kilichokamilika. Andalio la yule msichana lilikuwa na alama zote tatu. Andalio la mvulana halikuwa na nafasi tupu hata moja, na lote lilikuwa tupu.

Hapa niseme pia mahali ambapo mfano wangu unafika mwisho, kwani mfano ukivutwa sana hukatika. Darasa si programu. Programu ikiangushwa na hitilafu, msimamizi huianzisha upya, nayo haina kinyongo wala haizeeki. Mtoto aliyefundishwa vibaya leo hawezi kuanzishwa upya kesho akiwa vile vile. Wala mwanachuo aliyefelishwa. Watu wa Ericsson waliweka wasimamizi wa kuinua vijisehemu vilivyoanguka. Mimi nami nilikuwa msimamizi, na kazi niliyoifanya ilikuwa kumwangusha aliyesimama.

Nilipata namba yake ya simu kwa msaada wa mwalimu mmoja mstaafu. Nilikaa nayo wiki mbili. Nilikuwa, kwa maneno mengine, nikijiandaa. Niliandika nitakayosema kwenye karatasi, nikayafuta, nikaandika tena, mpaka mjukuu wangu akaniuliza ninaandika nini kila siku. Nikaona aibu, nikapiga.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema, baada ya kunitambua.

Nikaitikia, nikamweleza. Karatasi yangu haikunisaidia. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nakumbuka," akasema. "Mwaka ule nilikaa nyumbani nikimsaidia mama kuuza maandazi. Lakini Mwalimu, ulinifunza. Tangu siku ile sikuacha tena nafasi tupu."

Kwa kitambo kidogo nilidhani ananishukuru.

"Hata nilipokuwa sijui, nilijaza," akaendelea. "Wakaguzi walikuja, wakaona pamejaa, wakatia sahihi. Miaka 36, mpaka nilipostaafu mwaka huu."

Nikamwuliza, "Na watoto?"

"Watoto walikuwa wakijibu nje ya daftari, kama kawaida yao. Siku nyingine niliwafuata. Siku nyingine kulikuwa na mkaguzi, nikafuata daftari."

Nilimwomba radhi. Akasema amekwisha kunisamehe zamani, na akaniuliza habari za afya yangu, kama ilivyo desturi. Tukaagana vizuri.

Sasa narudi kwenye swali langu, nami nadhani ninaweza kulijibu, ingawa jibu limenigharimu kuliko nilivyotarajia. Kuandaa ni kufanya, ikiwa ndani ya andalio umeacha mahali pa kazi kukujibu. Lele ni sehemu ya ngoma, ikiwa mpiga ngoma anayasikiliza makofi ya watu na kubadili mapigo. Andalio lililojazwa mpaka pasiwe na pengo la ukweli kuingia si andalio. Ni ukuta, na nyuma ya kuta kama hizo nimewaficha walimu wengi, nikawapa na vyeti. Uovu wangu haukuwa ukali. Kompaila ya mjukuu wangu ni kali kuliko mimi, nayo haijamfundisha mtu kusema uongo. Uovu wangu ulikuwa kwamba niliufanya ukweli wa mtu, neno lile "bado", kuwa kosa, na kunakili nikakufanya kuwa sifa. Mkaguzi akifanya hivyo mara moja, anayekaguliwa hukumbuka maisha yake yote.

Kwa hiyo, kama wewe uliyeshika kitabu hiki unakagua kazi ya wengine, uwe mwalimu mkuu, mhasibu, mzazi au msimamizi wa mafundi, nakuomba jambo moja dogo. Ukiona mahali palipoandikwa "bado", usianze na kalamu nyekundu. Tazama kwanza kilicho juu yake na kilicho chini yake. Na ukiona mahali palipojaa kabisa, hesabu watoto.

Mjukuu wangu alirudi chuoni mwezi Agosti. Kabla ya kuondoka alimwuliza bibi yake ile kanuni ya faini. Bibi akamwambia kwamba inategemea: aliyefiwa hatozwi, mwenye mgonjwa anaongezewa mwezi, na wengine akina mama huamua wenyewe siku ya kikao. Mtoto aliandika zile hali mbili za kwanza. Ile ya tatu aliitazama kwa muda mrefu, akaacha todo ikae pale mpaka atakaporudi Desemba kuketi nao kikaoni na kusikia wanavyoamua.